Kafi, Sifa na Deheni: Historia ya Kutunza Mbao za Vyombo vya Pwani

Kafi ni mti mmoja tangu juu hadi chini: mpini, shingo, na bapa lililochongwa mfano wa jani. Mpigaji huketi au huchutama akitazama aendako, akalishika kwa mikono miwili bila kuliegemeza popote. Kasia ni kitu kingine. Hilo ni mti mrefu uliofungiwa bapa la ubao mwishoni, nalo huvutwa likiwa limepitishwa ndani ya kishwara, kitanzi cha kamba kinacholishika ubavuni mwa chombo, huku mvutaji akiipa omo mgongo. Upondo ni mti mtupu wa kusukumia chini penye maji haba. Kuanzia visiwa vya Wabajuni hadi kaskazini mwa Msumbiji, vitu hivi vitatu vimeendesha mitumbwi, mahori na ngalawa kwa karne nyingi, na vimeyaingiza majahazi bandarini kila upepo ulipokatika.

Kinacholimaliza kafi ni kulowa na kukauka zaidi kuliko kazi yenyewe. Mti uliolowa huvimba, ukikauka hunywea, na mahali ambapo nyuzi zake zimekatwa, yaani nchani mwa bapa na kichwani mwa mpini, maji huingia upesi kuliko ubavuni. Ndiyo maana ufa wa kafi karibu kila mara huanzia nchani na kupanda juu. Chumvi inayoganda ndani ya mti huzidi kuzisukuma nyuzi zitengane, na jua la mchana hulila tabaka la nje mpaka mti ukageuka kijivu na kuota vibanzi vinavyochoma viganja. Kafi lililotupwa mchangani juani, upande mmoja ukiguswa na unyevu wa ardhi na mwingine ukiungua, hupinda kwa siku chache, na likishapinda halinyooki tena.

Maradhi hayo ndiyo ya ubao wowote uliowahi kuingia baharini, wa kafi la mvuvi mmoja na wa jahazi la mabaharia ishirini. Tiba yake nayo imekuwa moja: mafuta, chokaa, pamba, moto, na subira ya kungoja maji yapwe. Waandishi wa historia ya pwani wamewasifu manahodha waliozijua nyota na mafundi waliojua kuchonga mkuku. Waliopaka mafuta hawakupata sehemu kubwa ya kurasa hizo. Lakini jahazi hujengwa mara moja, nalo hutunzwa mpaka siku litakapovunjwa, na biashara yote iliyopita kati ya Lamu, Zanzibar, Kilwa, Maskati na Malabar ilitegemea kazi hiyo iliyorudiwa kila baada ya wiki au miezi michache.

Kafi lenyewe huonyesha misingi ya kazi hiyo kwa udogo. Fundi huchagua mti wenye nyuzi ndefu zilizonyooka na usio na vifundo, huupasua kwa shoka akifuata nyuzi badala ya kuzikata, kisha huuchonga kwa tezo. Alama za tezo huondolewa kwa kulainisha. Kabla ya karatasi ya dukani kuenea, kazi hiyo ilifanywa kwa majani ya msasa, mti wa jamii ya mkuyu ambao majani yake yana uso mkavu wenye kukwaruza. Jani husuguliwa kufuata nyuzi, likilainika hutupwa na kuchukuliwa jingine, mpaka vumbi la mti linapokuwa laini kama unga. Karatasi ya viwandani ilipoingia, mafundi waliiita kwa jina la mti huo huo na kuitumia kwa mwendo ule ule wa mkono.

Kafi lililozeeka hurudishwa kwa njia hiyo hiyo. Kwanza huoshwa kwa maji ya kisima ili chumvi itoke, kwa sababu mafuta yakipakwa juu ya chumvi huifungia ndani, nayo chumvi huvuta unyevu. Kisha huachwa kivulini likiwa limelazwa juu ya vijiti viwili, si kuegemezwa ukutani, mpaka likauke taratibu. Tabaka la kijivu hukwanguliwa, vibanzi husuguliwa, na ncha iliyoanza kupasuka hukatwa kidogo au hufungwa kwa waya na kipande cha bati. Kila ukarabati wa namna hiyo hulipunguza bapa. Kafi lililotumika muda mrefu huwa jembamba na fupi kuliko lilivyotoka kwa fundi, na siku linapoacha kuyashika maji vizuri huwa mti wa kazi nyingine.

Mafuta hupakwa mwisho, na hupakwa zaidi nchani na kichwani, ambako mti hunywa mpaka ushibe. Mpini hupakwa kidogo tu, kisha hufutwa ukabaki mkavu. Wapiga makafi wa nchi nyingi duniani wamefikia uamuzi huo huo kila mmoja kwa upande wake: mpini uliofunikwa kwa rangi au vanishi hunata ukilowa jasho na kuchubua kiganja, lakini mti mtupu uliokolea mafuta huteleza inavyotakiwa na kushikika inavyotakiwa. Kwenye kasia mahali pa kuangaliwa ni pale linapopita kwenye kishwara. Kamba hulila kasia, kasia nalo huila kamba, na mafuta yaliyopakwa hapo mara kwa mara huongeza maisha ya vyote viwili.

Mafuta yaliyotumiwa pwani kuliko mengine yote ni sifa, mafuta ya ini la papa. Ini la papa ni kubwa ajabu, na katika jamii nyingine hufikia robo ya uzito wa mwili wake. Hukatwa vipande na kuwekwa kwenye pipa au mtungi juani, au kuchemshwa, mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Harufu yake huwahi kufika kabla ya chombo, na haimtoki mtu kwa sabuni ya siku moja. Lakini kwa mbao za baharini mafuta hayo yana tabia ambayo mafuta ya nazi hayana. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe, hukaa juu ya mti kama grisi, huchacha, na kuvutia ukungu. Sifa huingia ndani sana, na sehemu yake hushika na kuganda polepole kwa hewa huku nyingine ikibaki majimaji ndani ya nyuzi. Ubao uliokolea sifa hubaki mlaini: ukigonga mwamba hubonyea kabla ya kupasuka.

Maarifa haya ni ya zamani kuliko miji mingi ya mawe ya pwani. Katika karne ya 1, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, unaojulikana kwa jina la Periplus, alitaja kisiwa cha Menouthias kilichokuwa na mitumbwi ya mti mmoja na vyombo vya kushonwa, ambavyo watu wake walivitumia kuvua na kukamata kasa. Mji wa mwisho wa biashara aliouandika, Rhapta, uliitwa hivyo kwa ajili ya vyombo hivyo hivyo vya kushonwa. Mtumbwi wa mti mmoja na mshono wa kamba kwa hiyo vimeingia katika maandishi pamoja, mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu za pwani hii.

Kufika karne ya 10 waandishi wa Kiarabu walikuwa wameanza kueleza vilivyopakwa juu ya mishono hiyo. Al-Masudi, ambaye karibu na mwaka 916 alisafiri kutoka Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi hukilinganisha na Pemba, hadi Oman, aliandika kwamba katika bahari hii misumari ya chuma haidumu, hivyo mbao hushonwa kwa kamba na kupakwa mafuta na chokaa. Mwandishi wa zama zake, Abu Zayd wa Siraf, alieleza jinsi mafuta ya nyangumi yalivyochanganywa na vitu vingine ili kuziba mishono ya vyombo vya Ghuba.

Maelezo yenye faida kuliko yote ni ya Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183 akienda kuhiji. Alitazama vyombo vya kushonwa vikitengenezwa, na akaandika kwamba vikishakamilika hupakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba hayo ya papa ndiyo bora. Akaongeza sababu, jambo ambalo wasafiri wachache walijali kuuliza: mafuta huulainisha ubao ili usivunjike unapogonga miamba ambayo bahari ile imejaa. Karibu miaka mia moja baadaye Marco Polo aliviona vyombo vya namna hiyo Hormuz, akavidharau kwa kukosa misumari na kwa kupakwa mafuta ya samaki badala ya lami. Wawili hao waliona kitu kimoja. Aliyemsikiliza fundi alielewa kwamba ulaini ule ulikuwa umekusudiwa.

Kamba iliyoshona vyombo hivyo ilikuwa nayo kazi yake ya matunzo, na sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wanawake. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mashimo ya pwani ambako maji hujaa na kupwa juu yake, yakawekewa mawe yasielee, na kuachwa miezi mingi mpaka nyama ya kumbi ioze na nyuzi zibaki. Hufukuliwa maji yakipwa, hupondwa kwa rungu, hukaushwa, kisha husokotwa juu ya paja au kati ya viganja. Kazi hiyo bado inafanyika katika vijiji vya mashariki mwa Unguja. Kamba ya usumba haiogopi maji ya chumvi. Inaogopa maji ya mvua, ambayo huiozesha haraka. Hiyo ni sababu mojawapo ya chombo cha kushonwa kuhitaji mafuta mengi ndani kama nje.

Mtepe ndio uliokuwa kilele cha vyombo hivyo. Ulijengwa katika visiwa vya Lamu na kwa Wabajuni, ukiwa na tanga la mkeka lenye pembe nne, na hadi mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa ukibeba boriti za mikoko kuelekea kusini. Watu wa Vasco da Gama waliviona vyombo vya kushonwa katika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1498, na wakaandika kwamba havikuwa na msumari hata mmoja. Ubora wa chombo hicho ulikuwa katika kupinda kwake, na gharama yake ilikuwa katika mishono. Kamba hulegea, maji huingia, na mabaharia hufua maji usiku na mchana. Kila baada ya muda mishono ilibidi ikatwe na ubao kushonwa upya kupitia matundu yale yale, ambayo yalitobolewa kwa keekee na kuzibwa kwa vijiti vya mti. Mtepe uliotunzwa ulikuwa kwa kweli ukijengwa upya kidogo kidogo maisha yake yote. Misumari ya chuma ilipokuwa rahisi na majahazi ya kupigiliwa yakaenea, wenye mali walichagua chombo kinachodai kazi chache, na kufika katikati ya karne ya 20 mtepe ulikuwa umetoweka baharini.

Chombo cha kupigiliwa kilileta kazi nyingine, kalafati. Kati ya ubao na ubao hubaki mwanya, na mwanya huo hujazwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa kwenye mafuta. Fundi huisukuma ndani kwa patasi butu, pigo moja baada ya jingine, na sikio lake humsaidia kama jicho: mlio mzito huonyesha pamba bado imelegea, mlio mkali huonyesha imekaza. Akikaza kupita kiasi, ubao utakapovimba majini utaisukuma misumari itoke. Pamba ya zamani hukwanguliwa yote kabla ya kutia mpya, kwa kuwa mwanya uliojazwa nusunusu ni hatari kuliko ulioachwa wazi. Fundi huona ulio wazi na kuuziba, lakini ule wa nusunusu humdanganya.

Chini ya mstari wa maji kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu huko anaishi adui ambaye kafi halimjui. Ni kiumbe wa jamii ya chaza, mwenye umbo la mnyoo, anayeitwa na wanasayansi Teredo. Akiwa mchanga huingia kwenye ubao kwa tundu dogo kama la sindano, kisha hukua humo ndani akichimba njia ndefu kufuata nyuzi na kuzipaka kuta zake chokaa. Ubao kwa nje huonekana mzima mpaka siku unapobonyezwa kwa kidole ukaingia. Kafi hupona kwa kuwa hulala nchi kavu kila usiku. Chombo kinacholala majini, katika bahari yenye joto mwaka mzima, kinaweza kuharibika ndani ya miezi michache.

Dawa yake ni deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Chokaa ya pwani hutokana na matumbawe na makombe yanayochomwa juu ya rundo la magogo, kisha humwagiwa maji yakalegea na kuwa unga mweupe, ule ule uliojengea kuta za Kilwa, Gedi na Mji Mkongwe. Shahamu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia huyeyushwa, chokaa ikatiwa polepole huku ikikorogwa. Vitu hivi viwili haviishii kuchanganyika tu. Asidi za mafuta huungana na chokaa zikafanya aina ya sabuni ngumu isiyoyeyuka majini. Tabaka hilo hushika ubao, hufunika matundu, na ukali wa chokaa huwaua wachanga wa Teredo wanapojaribu kupenya. Deheni hupakwa ingali na joto, kwa viganja vitupu. Mkono huhisi nyufa na vichwa vya misumari ambavyo ubao wa kupakia ungevipita, na hilo ni jambo la ufundi, ingawa mikono iliyofanya kazi hiyo kwa miaka hubabuka kwa chokaa.

Ratiba ya kazi huwekwa na mwezi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Zanzibar na Mombasa hukaribia mita 4. Chombo huletwa ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, huwekewa gadi pande zote mbili ili kisimame wima, na maji yakipwa hubaki kikavu tangu mkuku hadi juu. Kuna takriban saa sita za kukwangua chaza na mwani, kupitisha mienge ya makuti chini ya mbao ili moto ukaushe unyevu na kuua wanyoo walio karibu na uso, kukalafati palipolegea, na kupaka. Kisha maji hurudi. Kazi isiyokwisha hungoja maji mengine, na ikipita bamvua, chombo kilichopelekwa juu mno hubaki nchi kavu mpaka bamvua ijayo, siku kumi na nne bila kipato. Nahodha aliyeikosea hesabu hiyo alipata hasara sawa na ya aliyeukosa upepo.

Upepo nao uligawa mwaka. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka kwa kaskazi kati ya Desemba na Machi, yakarudi kwa kusi iliyoanza baada ya hapo. Katikati, mabaharia walikuwa na wiki nyingi bandarini, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika ukarabati. Fukwe za Mombasa, Lamu na Zanzibar ziligeuka karakana. Hapo ndipo shahamu, chokaa, pamba, usumba na sifa vilipouzwa kwa wingi, na hapo ndipo fundi wa Kiswahili, baharia wa Sur na mkalafati wa Kutch walipotazamana kazi. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri kwa boom, aina ya jahazi, la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, alikuta shahamu na chokaa vingali vikipakwa kwa mikono kwenye vyombo vya mbao vya Waarabu, karne kumi na zaidi baada ya Al-Masudi.

Matajiri walikuwa na njia nyingine. Jeshi la maji la Uingereza lilijaribu kuifunika meli Alarm kwa mabati ya shaba mwaka 1761, na kufika miaka ya 1780 likawa limeyaweka kwa meli zake zote za vita. Shaba humzuia Teredo na pia chaza. Lakini bei yake iliwafaa wafalme na makampuni, si mwenye jahazi la kupakia nazi. Hata kwa wafalme ilibaki kazi ya kila siku ya kamba, rangi na mbao. Meli ya Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar, iliyoitwa Sultana na kujengwa Bombay, iliingia New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, baada ya safari ndefu iliyouchosha mwili wa meli na kamba zake. Marekani iliipokea katika karakana ya jeshi lake la maji na kuitengeneza kwa gharama ya serikali, na mwezi Agosti ikaondoka kurudi Zanzibar. Katika zawadi zote zilizobadilishwa kati ya nchi hizo mbili mwaka huo, matengenezo yale ndiyo yaliyokuwa na manufaa makubwa kuliko yote kwa baharia.

Bara, mambo yalikuwa tofauti kwa sababu maji ni tofauti. Teredo haishi katika maji matamu ya maziwa makuu, na kwa hiyo deheni haikuwa na kazi huko. Mitumbwi mirefu ya visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, iliyokuwa nguvu ya kabaka wa Buganda majini chini ya mkuu wake aliyeitwa Gabunga, ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea na kupakwa udongo mwekundu. Adui yake alikuwa kuoza na kulegea kwa mishono. Msafiri Henry Morton Stanley aliiona ikienda vitani mwaka 1875, wakati wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Februari 1877, yeye na Wangwana aliowachukua Zanzibar walikutana na mitumbwi ya vita mahali Mto Aruwimi unapoingia Kongo. Katika mtumbwi mkubwa kuliko yote wapigaji walisimama arobaini kila upande, na vichwa vya makafi yao vilikuwa na vifundo vya pembe ya ndovu. Kwa macho ya mtunza kafi, kifundo hicho hakikuwa pambo tu: kinafunika kichwa cha mpini, mahali pale pale ambapo mti hunywa maji na kupasuka.

Ngalawa na mtumbwi wa pwani vilitunzwa kwa njia fupi kuliko jahazi. Mtumbwi wa mwembe ni rahisi kupatikana, lakini mwembe huoza upesi na kupasuka ukikaushwa ghafla. Wenyewe huuvuta hadi kivulini, huufunika makuti, na wengine huacha maji kidogo ndani yake ili ubao usinywee. Tumbo lake huunguzwa kwa makuti yanayowaka mpaka ligeuke jeusi kidogo, kwa sababu ile ile inayofanya majahazi yaunguzwe. Ufa huzibwa kwa pamba na lami na kufunikwa kwa bati lililopigiliwa misumari midogo. Tanga lilipokuwa la kitambaa cha pamba, lilichemshwa pamoja na nyavu katika maji ya magome ya mkandaa, na rangi nyekundu ya magome hayo huzuia kuoza kwa namna ile ile inavyofanya ngozi isioze.

Baada ya vita vya pili vya dunia mpango huu wa matunzo ulianza kulegea. Rangi za viwandani zenye sumu ya shaba zilichukua nafasi ya deheni kwa wenye uwezo. Rangi nyingine zilizokuwa na sumu ya bati zilionekana baadaye kudhuru chaza na konokono wa baharini, na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 ulianza kuzipiga marufuku mwaka 2008. Mashine za kufungia nyuma zilipunguza kazi ya tanga na kasia. Papa nao wamepungua: mwaka 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, ziliiweka familia nzima ya papa wa jamii ya Carcharhinidae chini ya udhibiti, na ndimo walimo wengi wa papa wanaovuliwa pwani. Sifa imekuwa adimu na ghali.

Mahali pake pamechukuliwa mara nyingi na oili chafu ya injini. Inapatikana bure au kwa bei ndogo, ni nyeusi, huingia kwenye ubao na kuwafukuza wadudu kwa muda. Lakini haigandi, hubeba madini mazito na masalio ya mwako, na hutoka kwenye ubao polepole ikaingia katika maji yale yale anamovuliwa samaki. Kwenye mpini wa kafi ni mbaya zaidi, kwa kuwa huingia mwilini kupitia viganja vya mpigaji kila siku. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo hukauka na kufanya tabaka gumu, ni badala bora, na kwa kafi moja yanatosha kiasi kidogo sana. Sharti ni yapakwe kidogo kidogo, tabaka moja likauke kabla ya jingine, na vitambaa vilivyotumika vianikwe vikiwa vimetandazwa. Vikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

Vyombo vya faiba havihitaji sifa wala deheni, na idadi yake inaongezeka kila mwaka. Lamu ilikwenda mbali zaidi: jahazi dogo la Flipflopi lilijengwa huko kwa plastiki zilizookotwa na kuyeyushwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mafundi waliolijenga walitumia ufundi wa mbao, wakiichonga plastiki kwa vifaa vile vile. Kafi la mti hata hivyo bado limo ndani ya boti nyingi zenye mashine, likiwekwa kwa siku mafuta yatakapokwisha. Kwa kuwa hutumika mara chache, hutunzwa kwa nadra, na hivyo hupasuka upesi kuliko lile lililopigwa kila siku na kupakwa mafuta kila mwezi.

Makafi, makasia na vielelezo vya vyombo vilivyomo katika makumbusho, kama yale ya Lamu, yanadai matunzo yaliyo kinyume na ya baharini. Hayalowi wala hayakauki, na mafuta mapya huyadhuru: hunasa vumbi, huufanya mti uwe mweusi, na kufuta alama za mikono na za tezo ambazo ndizo ushahidi wa matumizi. Kinachotakiwa ni hewa yenye unyevu usiobadilika ghafla, kivuli, ukaguzi wa mchwa na bungua, na kuyalaza bapa likiwa limeegemezwa urefu wake wote. Mtepe uliojengwa upya mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, uliwekwa hivyo ndani ya jengo, mbali na maji. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020 wakati likifanyiwa ukarabati.